Simtanki la lita 5000 na gata za mvua hapa Dodoma, limevuka kiangazi kizima, haya ndo niliyoyaona

Mbukwa ndugu zangu wa Dodoma, na nyie mnaojiandaa kuhamia huku. Mwaka jana niliposema nimefunga gata na simtanki la kuvunia maji ya mvua wengi mliniuliza inalipa au hailipi, nikawaambia subirini kwanza livuke kiangazi, maana mtu akikusifia tanki mwezi wa tatu hajakwambia kitu, mwezi wa tatu huku hata beseni lililosahaulika nje limejaa. Sasa leo ni mwisho wa mwezi wa kumi, tangu mvua ya mwisho mwezi wa nne halijadondoka hata tone la kulaza vumbi hapa Nzuguni, na tanki langu bado lina maji. Kwa hiyo naandika, na naandika kwa kirefu kwa sababu nilipotea njia katikati na hela yangu ilikwenda, sitaki mwingine apite palepale.

Nilichonunua ni simtanki jeusi la lita 5000, gata za plastiki (ile mifereji ya ukingoni mwa bati), klipu za kuzishikilia, mabomba ya inchi nne ya kushushia maji, na koki ya shaba yenye sehemu ya kuweka kufuli (hiyo koki ntairudia). Nyumba yetu ni ya vyumba vitatu, bati la migongo mipana, paa lote ni kama mita 100 za mraba ila kwa sababu ya hela tulifunga gata upande wa nyuma wote na sehemu kubwa ya mbele, kwa hiyo paa linalovuna ni kama mita 80. Tanki nililipa laki tisa na nusu, gata na mabomba pamoja na ufundi laki tatu na elfu themanini, kitako cha kukalia tanki laki moja na nusu. Halafu ikaja laki tatu na elfu ishirini ya kurekebisha makosa. Jumla milioni moja na laki nane, na hiyo laki tatu na ishirini ndo inayoniuma mpaka leo.

Fundi wa kwanza sitamtaja wala duka lililoniunganisha naye sitalitaja. Alikuja na ngazi, msumeno, nyundo na misumari. Hakuja na pima maji, kile kifaa cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa. Nikamuuliza akasema mama mimi nafanya kazi hii miaka mingi jicho langu linatosha, na mimi nikanyamaza, mtu mzima na kazi yake utamfundisha nini. Akapigilia klipu kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, akifuata ubao ulivyokaa, na ubao wa nyumba yetu umepinda katikati kidogo, kwa chini huwezi kuona kabisa. Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili gata ikajaa tumbo katikati, maji badala ya kwenda kwenye tanki yakawa yanamwagika pale katikati juu ya dirisha la jikoni kama pazia, na mvua ilipokatika maji yakabaki yamesimama humo gatani. Baada ya wiki mbili nikapanda ngazi kuangalia nikakuta viluwiluwi vya mbu vinacheza, na mimi nina mtoto wa miaka mitatu ndani. Nilijisikia vibaya sana kwa kweli, yaani nimelipa hela kufuga malaria juu ya dirisha langu.

Hilo la gata lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa kitako.

Jamani sikilizeni hapa vizuri. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tanki la lita 5000 likijaa ni tani tano, ni mzigo wa kenta nzima umekaa sehemu moja ya upana wa meza ya kulia chakula, mchana na usiku, miezi na miezi. Yule fundi alipanga tofali za bloku kwa kuzunguka, ndani akajaza udongo uleule aliochimba bila kushindilia, juu akapaka zege ya inchi mbili hivi, akalainisha kwa mwiko ikapendeza kweli, watoto wakaandika majina yao kabla haijakauka. Likiwa tupu lilikaa vizuri. Likifika robo vizuri. Usiku mmoja wa mwezi wa kwanza ikapiga mvua ya maana, mvua ile ya Dodoma inayokuja kwa hasira na radi na upepo, saa nane usiku tukasikia kitu kimelia kaa! nje, baba watoto akatoka na tochi akakuta kitako kimepasuka upande wa ukuta wa jirani, udongo wa ndani umelowa umeshuka, na tanki limeinama kama mtu anayetaka kukaa. Ikabidi amuite jirani, wakaegemeza magogo, na hakukuwa na namna nyingine ila kufungua koki na kumwaga. Zaidi ya lita elfu tatu za maji ya mvua, usiku, yanatiririka uani kwenda barabarani. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni nikayaangalia nikalia. Mtu wa Dar au Bukoba anaweza asielewe mtu kulilia maji wakati mvua inanyesha, ila aliyewahi kununua dumu kwa mkokoteni mwezi wa kumi hapa Dodoma ananielewa.

Na kama mnavyoijua mvua yetu, wiki chache baadaye ikakatika, mwezi wa pili ukawa mkavu karibu wiki tatu, mahindi ya watu yakaanza kujikunja.

Fundi wa pili nilielekezwa na mwalimu mwenzangu, mzee mmoja wa makamo ya baba yangu. Shikamoo, marahaba, akazunguka nyumba mara mbili bila kusema neno, akagonga kitako kwa kisigino, akaniambia mwalimu hapa tunabomoa chote. Tukabomoa. Akachimba mpaka ardhi ngumu, kama nusu mita, akapanga mawe, akamwaga kokoto na kushindilia, akasuka nondo, akamwaga zege ya inchi sita, akaniamuru niimwagilie siku saba na hakuna mtu kupandisha tanki kabla. Kimo cha kitako akakipima kwa ndoo yangu mwenyewe, ndoo ya lita 20 ikae chini ya koki na mfuniko wake na mkono wa mtu upite. Kitu kidogo hicho, ila fundi wa kwanza koki yake ilikuwa chini mno nilikuwa nakinga na jagi nahamishia kwenye ndoo, nusu yanamwagika.

Kwenye gata akafunga uzi kutoka mwanzo mpaka mwisho, akaweka pima maji, akashusha nusu sentimita mpaka sentimita moja kwa kila mita, kwa hiyo kwa urefu wetu wa mita 12 mwisho uko chini ya mwanzo kama sentimita nane, ukiangalia kwa chini kwa makini unaona imeinama kidogo, na ndo inatakiwa ionekane hivyo. Klipu akaziongeza zikae karibukaribu, kila nusu mita hivi, kwa sababu plastiki na jua letu ikikosa kushikwa inajikunja. Akimaliza akapanda na jagi la maji, akamimina kule juu, akaniambia nihesabu. Sikufika kumi na tano yakawa yametokea kwenye bomba. Hakuna tone lililobaki. Hilo jagi moja ndo ukaguzi wa kazi nzima, mkifunga gata msimlipe mtu kabla ya kumimina jagi.

Halafu akaweka kitu ambacho sikuwahi kukifikiria, pipa la maji ya kwanza. Pale bomba linaposhuka kabla ya kuingia kwenye tanki kaweka tii (kiungio cha bomba chenye midomo mitatu), chini ya tii kuna pipa la lita 60 lililofungwa vizuri, mvua ikianza maji yanajaza kwanza lile pipa, likishajaa ndo yanaendelea kwenda kwenye tanki. Kipimo chake ni nusu lita kwa kila mita ya mraba ya paa, kwangu mita 80 ni lita 40, akasema tuweke 60 kwa ajili ya vumbi la Dodoma. Chini ya pipa kuna kitundu kidogo kinachochuruzika polepole ili mpaka mvua inayofuata liwe tupu lenyewe. Mvua ya kwanza ya mwezi wa tatu baada ya ule ukavu niliruhusu yale maji ya pipa yaingie kwenye beseni jeupe nione. Rangi ya chai iliyochemka sana. Vumbi jekundu, majani ya mwarobaini, kinyesi cha ndege, mabawa ya kumbikumbi, na mjusi mmoja. Vyote hivyo mwezi wa kumi na mbili vilikuwa vimeingia kwenye tanki langu la kunywa. Gharama ya pipa na vifaa vyake haikufika elfu themanini. Kama una hela ya gata na tanki na huna ya pipa, subiri mwezi mmoja uipate, usifunge bila hiyo.

Sasa hesabu, maana mimi ni mwalimu wa sayansi shule ya msingi na siwezi kuacha hesabu. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba inatoa lita moja, wala hauhitaji kalkuleta. Nina kopo la maziwa ya unga lililonyooka pande zote nimeliweka juu ya nguzo uani, asubuhi natumbukiza rula. Usiku mmoja wa mwezi wa tatu nilisoma milimita 34. Mara mita 80 ni lita 2,720, toa yanayoruka na yanayoenda kwenye pipa na yanayobaki yamelowanisha bati, tuseme asilimia 15, unabaki na zaidi ya lita 2,300. Usiku mmoja! Tanki lilipanda karibu nusu wakati tumelala. Na Dodoma kwa mwaka wa kawaida inapata kama milimita 550 hadi 600, karibu yote kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa nne. Ukichukua 550 tu, paa langu dogo linapokea lita elfu 44, ukitoa hasara unabaki na elfu 37. Nilirudia hesabu mara tatu. Miaka yote tisa ya kukaa huku nilikuwa nawaambia ndugu zangu Dodoma haina mvua, kumbe kila mwaka lita elfu 37 zilikuwa zinapita juu ya kichwa changu, zinachimba mtaro kwenye msingi wa nyumba na kwenda zake.

Ila hapo ndo penye mtego, na wengi walionunua tanki wakasema haifai wamenasa hapo. Ukisikia lita 5000 unaona ni bahari. Familia yetu watu watano, ukifua, ukioga, ukiosha vyombo, ukideki, lita 100 kwa siku zinaisha bila kuona, na hapo unajibana. Elfu tano gawa kwa mia ni siku hamsini. Mvua ikikata mwisho wa mwezi wa nne, katikati ya mwezi wa sita tanki limekauka, na bado una miezi mitano na zaidi ya vumbi mbele yako. Ndo anakuja mtu kusema nimetupa hela.

Aliyenitoa hapo ni mama mkwe. Mama mkwe ni mtu wa Kondoa, alikuja kukaa nasi mwezi wa nne tanki likiwa limejaa mpaka linamwaga, akanikuta nafua mashuka kwa maji ya tanki. Hakunigombeza. Aliniita, mwanangu njoo ukae, akaniambia haya maji ni ya mdomo na chungu, ya kufulia utayapata bombani siku yakitoka, hata ya chumvi yanafua. Ndoo moja kila asubuhi, ikiisha imeisha mpaka kesho. Na kufuli aweke mama wa nyumba. Nikafanya hesabu, lita 20 kwa siku ndani ya 5000 ni siku 250. Kuanzia mwisho wa mwezi wa nne siku 250 zinakupeleka mpaka mwanzoni mwa Januari, yaani msimu mpya umeshaanza. Tanki lilelile, nyumba ileile, tofauti ni kufuli. Kwa hiyo kila siku saa kumi na mbili asubuhi kabla watoto hawajaenda shule nafungua kufuli, nakinga ndoo moja, nafunga. Wakati huo pia maji yako baridi, ukichota saa tisa mchana yametokea kwenye tanki jeusi yana joto kama ya kuogea.

Sasa utamu wa haya maji, hapa nitamwaga sifa bila aibu. Mnajua maji yetu ya ardhini Dodoma ni magumu na mengi yana chumvi. Birika langu la umeme lilikuwa linaota ukoko mweupe ndani kama chokaa ya ukutani, nabandua kwa ndimu kila wiki. Tangu nianze kuchemsha maji ya mvua birika ni safi, halijaota kitu. Chai haina ule utando wa juu unaong'aa kama mafuta. Sabuni nilipokuwa nafulia (kabla ya kuongelewa) povu lilikuwa linajaa kwa kipande kidogo tu. Na maharage! Haya ndo yaliyonishangaza kuliko vyote. Maharage ya soya njano nilikuwa nayachemsha saa mbili na nusu na magadi juu, kwa maji ya mvua saa moja na nusu yameiva yanapasuka, magadi sijaweka. Ni ile chokaa ya kwenye maji magumu ndo inakaza ganda la maharage, na mimi nilikuwa nalaumu wauza maharage wa soko la Majengo. Mkaa unaookoa hapo sijauweka kwenye hesabu lakini upo. Ugali wa uwele na mlenda sikuona tofauti, niseme ukweli.

Watoto mwanzoni walilalamika hayana ladha. Ni kweli, maji ya mvua hayana madini kwa hiyo mdomo uliozoea chumvi unaona kama unakunywa hewa, wiki mbili wakazoea sasa wakienda kwa watu wanasema maji ya huko machungu. Na tunachemsha, jamani. Pipa la maji ya kwanza linapunguza uchafu ila haliui vijidudu, ndege wapo juu ya bati kila siku. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya maji, bila kujadiliana.

Kuhusu hela, kabla ya hapo tulikuwa tunajaza dumu la maji ya kunywa la lita 20 kwa 2,500 kila baada ya siku mbili, kwa mwaka hiyo ni kama laki nne na nusu. Kwa hiyo milioni moja na laki nane inarudi kwa miaka minne, na kama ningeanza na fundi wa pili ingerudi haraka zaidi. Bado maji ya matumizi mengine tunategemea bomba, na bomba likikosa mara moja moja nanunua boza, sitawadanganya kwamba nimejitegemea kwa kila kitu.

Kuna jambo nataka kuliongea hata kama halipo kwenye risiti. Kila mwaka nachora ubaoni mzunguko wa maji, bahari, jua, mvuke, wingu, mlima, mvua, mto unarudi baharini. Watoto wanakariri wanapata vema. Mwaka huu nimeuchora upya, nimeanza na bati letu. Maji yakikosa tanki upande huu wetu wa mashariki ya mji yanaelekea Kinyasungwe, yanapita Gulwe na Kilosa kulekule yanakobomoaga reli, yanaingia Wami, yanaishia Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Ya upande wa magharibi yanaishia mbuga ya Bahi, hayana njia ya kwenda popote, jua linayakausha palepale chumvi inabaki. Na jua letu linakausha si mchezo, mwezi wa tisa niliacha beseni la maji nje wiki moja bila mtu kuligusa, yakashuka vidole vitatu. Kwa mwaka jua la hapa lina nguvu ya kukausha maji zaidi ya mara tatu ya mvua inayonyesha. Ndo maana bwawa la wazi linapoteza na tanki lenye mfuniko halipotezi.

Ila mshale ambao vitabu vingi vinauchora mwembamba ni ule wa kwenda chini, na sisi Dodoma ndo tunaishi kwa mshale huo. Maji mengi ya mji huu yanatoka kwenye visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na kina cha maji ya pale kimekuwa kinapimwa tangu miaka ya 1950. Kuna utafiti ulichapishwa 2013 walichambua rekodi ya miaka 55 ya pale Makutupora, wakaona chini ya ardhi hapajazwi kila mwaka kidogo kidogo kama tunavyodhani. Miaka mingi ya kawaida kinachofika chini ni kidogo sana au hamna, jua na mimea vinamaliza vyote juu, halafu inakuja misimu michache ya mvua kubwa kama ya El Nino ya 1997/98, mito ya mchanga inafurika, maji yanazama kwenye mchanga, visima vinapanda ghafla, kisha tunavitumia miaka mingi mpaka ije nyingine. Yaani maji ninayofulia leo inawezekana ni mvua ya wakati mimi niko shule ya msingi. Na mji ndo unakua, uamuzi wa makao makuu ulitoka 1973 ila watu tumemiminika kuanzia 2016 serikali ilipohamia kweli, 2018 tukawa jiji, kila siku Iyumbu na Nala na Ihumwa zinaota mabati mapya. Kila bati jipya bila gata ni maji yanayokimbia na udongo, na kila ndoo ya bomba ninayoiacha ni ndoo imebaki Mzakwe.

Ndo maana maji yanayofurika kwenye tanki langu nimeyaelekeza kwenye shimo la mita moja na nusu lililojazwa mawe na kokoto, kando ya mpapai. Yule mzee alicheka kidogo halafu akasema vizuri. Mama mkwe hakucheka. Yeye aliona Kondoa ilivyokuwa na makorongo ya kumeza ng'ombe, aliona mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma, wa kuzuia mmomonyoko wa udongo) ulioanza 1973, na 1979 aliona mifugo inahamishwa kwa lazima ili majani yarudi, baba yake alihuzunika sana. Anasema majani yaliporudi maji hayakupita tena kwa mbio. Alikaa pale kwenye shimo langu siku ya mvua, kanga kichwani, anaangalia maji yanazama bila kutoka upande wa pili, hakutaka kuingia ndani.

Mapungufu. Gata za plastiki na jua la hapa hazipendani, mwezi wa tisa viungo viwili vimeachia nimepaka silikoni upya, na nadhani baada ya miaka mitano nitabadilisha, mwenye hela anunue za bati. Bati lenyewe liwe zima, kama lina kutu au kama ni paa la zamani la asbesto tafadhali usivune ya kunywa. Tanki linahitaji kuoshwa ndani kila mwaka kabla ya msimu na ni kazi, mtu mwembamba lazima aingie. Usinunue la rangi ya kupitisha mwanga, linaota ukijani. Wavu weka kwenye mdomo wa kuingizia na kwenye bomba la kumwagia, vyote viwili, mbu anahitaji kitundu kimoja tu. Na wapangaji poleni, kumshawishi mwenye nyumba ajenge kitako ni kazi nyingine, ila pipa la lita 200 na gata fupi juu ya mlango hata mpangaji anaweza, mama jirani kafanya hivyo na maharage yake yanaiva.

Nimetoa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu wauzaji wengi wanakuuzia ukubwa wa tanki tu, hakuna aliyenitajia kitako wala mteremko wala pipa, ningepewa maneno matano tu dukani ningeokoa laki tatu na ishirini na maji ya usiku ule. Ukiwa na milioni moja tu nunua tanki dogo la elfu mbili na uweke kitako cha kweli.

Leo asubuhi baada ya kukinga ndoo nimegonga ubavu wa tanki kwa kidole kama kawaida, kuanzia juu kushuka. Mlio wa tupu, wa tupu, wa tupu, halafu mstari wa tatu kutoka chini ukawa mzito. Nikapima kwa kijiti, lita kama 1,300, siku 65. Mchana mashariki kulikuwa na wingu moja, limepita.